Tuzo, Marejeo na Dhamiri: Mahakama Huangalia Nini Mtu Anapoachishwa Kazi?

(Mada hii ilitolewa na kamati yetu ya haki na amani katika semina ya wakuu wa vituo, wahasibu na wawakilishi wa wafanyakazi. Tunaichapa kama ilivyosemwa, ila tumeifupisha kidogo.)



Tumepewa mada ambayo wengi wakiisikia hudhani ni ya mawakili peke yao: namna Mahakama inavyopitia maamuzi yaliyotolewa katika migogoro ya kuachishwa kazi isivyo halali. Lakini, ndugu zetu, sisi tuliomo katika ukumbi huu ni waajiri. Tunaajiri walimu, wauguzi, wapishi, madereva na walinzi. Tukimwachisha mtu kazi isivyo halali, shauri lake litapita njia hii tunayokwenda kuieleza. Na tusidhani kwamba msalaba uliowekwa juu ya lango letu utatufungulia njia nyingine.

Tunaomba mturuhusu tuanze na kosa letu wenyewe.

KOSA LA KWANZA

Miaka kadhaa iliyopita, katika kimoja cha vituo tunavyovisimamia, dereva alishukiwa kuuza dizeli ya gari la kituo. Aliyemshuku alikuwa msimamizi wake. Barua ya kumwita kwenye kikao cha nidhamu aliipokea jioni, na kikao kikafanyika kesho yake asubuhi. Aliyeketi kwenye kiti cha mwenyekiti alikuwa msimamizi yuleyule aliyemshitaki. Dereva aliomba mfanyakazi mwenzake aketi naye. Tulimjibu kwamba jambo hili ni la ndani ya nyumba, halihitaji watu wengi. Baada ya dakika arobaini alitoka na barua ya kuachishwa kazi mkononi. Alikuwa ametutumikia miaka tisa.

Alipeleka malalamiko yake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA. Usuluhishi ulishindikana kwa sababu sisi hatukutaka kulegeza kamba. Shauri likaenda kwa mwamuzi. Huko tulipeleka shahidi mmoja tu, yule msimamizi. Kitabu cha safari za gari na stakabadhi za kituo cha mafuta tuliviacha kabatini. Tuliamini kwamba neno la kiongozi wa taasisi ya dini lingetosha.

Mwamuzi aliona mambo mawili: kwamba wizi haukuthibitishwa, na kwamba utaratibu ulikiukwa. Akatoa tuzo, tumlipe dereva mishahara ya miezi 12.

Hapo ndipo tulipofanya kosa la pili, na hilo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Katika kikao cha kamati mmoja wetu alisema, "Twende Mahakama Kuu. Huko tutapeleka vitabu vyote, ukweli utajulikana." Sote tukatikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyeuliza Mahakama Kuu hufanya nini na shauri la namna hiyo. Laiti tungeuliza.

TULIKOTOKA

Ni vema kukumbuka tulikotoka. Chini ya Sheria ya Usalama wa Kazi ya mwaka 1964, mfanyakazi aliyefukuzwa alikwenda kwenye baraza la usuluhishi, na asiporidhika alipeleka lalamiko kwa Waziri. Uamuzi wa Waziri ulitajwa katika sheria kuwa ndio wa mwisho. Mahakama za kawaida zilizuiwa kusikiliza mashauri hayo. Aliyetaka kufika kwa jaji ilimbidi apite njia ndefu na nyembamba ya kuomba uamuzi wa Waziri utenguliwe.

Mwaka 2004 Bunge lilitunga sheria mbili: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6, na Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7. Sheria hizi ndizo zilizoleta Tume pamoja na mahakama ya kazi, ambayo leo ni Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu. Tume ilianza kupokea migogoro mwaka 2007. Nia ilikuwa njema: mgogoro wa kazi umalizike haraka, karibu na watu, bila gharama kubwa. Kwa hiyo sheria iliweka muda katika kila hatua. Aliyeachishwa kazi hupewa siku 30 kufikisha lalamiko lake kwenye Tume. Msuluhishi hupewa siku 30 kujaribu kuwapatanisha. Ikishindikana, mwamuzi husikiliza ushahidi, na baada ya kumaliza hutakiwa kutoa tuzo yenye sababu ndani ya siku 30.

Jambo la kushika hapa ni kwamba tuzo si ushauri. Inawafunga wote wawili. Asiyetaka kuitii, mwenzake anaweza kuipeleka mahakamani ikatekelezwa kama hukumu nyingine yoyote.

MAREJEO SI KUANZA UPYA

Sasa tufike penye kiini. Anayeona tuzo ina kasoro hafungui rufaa ya kawaida. Anaomba marejeo, yaani anaiomba Mahakama Kuu iite jalada la Tume, ilisome na kuona kama tuzo inastahili kusimama.

Sheria imetaja sababu ambazo Mahakama huzitazama.

Kwanza ni mwenendo mbaya wa mwamuzi. Kwa mfano, akikataa kumsikiliza shahidi muhimu bila sababu, akisikiliza upande mmoja tu, au akiwa na maslahi katika shauri na asiseme.

Pili ni tuzo kupatikana kwa njia chafu, kama vile rushwa au udanganyifu.

Tatu, ambayo iliongezwa baadaye kwa marekebisho ya sheria, ni tuzo iliyo kinyume cha sheria au isiyo na mantiki, yaani uamuzi usioweza kusimama juu ya ushahidi uliomo ndani ya jalada.

Angalieni neno hilo: ndani ya jalada. Kwa kawaida mashahidi hawaitwi tena. Jaji husoma yale yaliyosemwa na kuandikwa mbele ya mwamuzi, pamoja na vielelezo vilivyopokelewa huko. Ambacho hakikupelekwa Tume hakimo mbele ya jaji. Kitabu chetu cha safari, kwa hiyo, kilikuwa hakipo, hata kama tulikibeba mkononi hadi mlangoni mwa Mahakama.

Wengine huuliza: je, Mahakama ikitengua tuzo, mambo huishaje? Sheria imempa jaji nafasi ya kuamua mgogoro mwenyewe kwa namna aionayo inafaa, au kuelekeza utaratibu wa kuusikiliza tena. Na asiyeridhika na uamuzi wa jaji anaweza kwenda Mahakama ya Rufani, lakini kwa hoja ya kisheria tu. Huko hakuna mjadala wa nani alionekana wapi na dumu la mafuta.

Aidha, kufungua maombi ya marejeo peke yake hakuzuii tuzo kutekelezwa. Ni Mahakama inayoweza kuamuru utekelezaji usimame hadi maombi yaamuliwe. Sisi tuliomba amri hiyo, tukaipata. Tulifurahi. Leo tunaitaja kwa aibu, na mtaona sababu.

MLINZI WA RUSTENBURG

Wanaosoma sheria za kazi wanajua kwamba sheria yetu ya 2004 inafanana sana na ile ya Afrika Kusini ya mwaka 1995. Nako kuna tume ya namna hii, na muda wa kupinga tuzo ni wiki sita kama kwetu. Kwa sababu hiyo shauri moja la huko, linaloitwa shauri la Sidumo, hutajwa mara nyingi hata katika mahakama zetu. Tulieleze kwa kifupi, maana lina fundisho kwa waajiri.

Bwana Sidumo alikuwa mlinzi katika mgodi wa platinamu huko Rustenburg. Kazi yake ilikuwa kuwapekua watu waliotoka katika sehemu yenye madini ya thamani kubwa. Kamera zilionyesha kwamba mara nyingi hakupekua kama alivyoagizwa, na mara nyingine hakupekua kabisa. Mwaka 2000 mgodi ulimfukuza.

Mwamuzi alikubali kwamba kosa lilitendeka. Hata hivyo alitazama pia miaka yake mingi ya kazi bila doa, na kwamba hakuna hasara iliyoonyeshwa. Akaona kufukuzwa ni adhabu kali mno. Akaamuru arudishwe kazini, alipwe miezi mitatu, na apewe onyo la mwisho kwa maandishi.

Mgodi haukukubali. Shauri lilipita Mahakama ya Kazi, likapita Mahakama ya Rufaa ya Kazi, na tuzo ikabaki. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Rufaa ikaitengua. Hatimaye Mahakama ya Katiba, tarehe 5 Oktoba 2007, ikairudisha.

Mahakama ya Katiba ilisema mambo mawili tunayoyaeleza kwa maneno yetu. La kwanza, anayepima kama kufukuzwa kulikuwa kwa haki ni mwamuzi, wala hawajibiki kuinamia maoni ya mwajiri kuhusu adhabu. La pili, jaji anayepitia tuzo hajiulizi, "Mimi ningeamua hivi?" Anajiuliza kama uamuzi huo ni ule ambao mtu mwenye busara aliyekaa kwenye kiti cha mwamuzi asingeweza kuufikia. Watu wawili wenye busara wanaweza kutofautiana. Kutofautiana peke yake si sababu ya kutengua.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kuna hesabu moja hapa ambayo hatupendi ipite kimyakimya. Kutoka kufukuzwa hadi neno la mwisho ilipita miaka saba. Mlinzi huyo alikuwa na shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi, COSATU, nyuma yake. Mpishi wetu wa shule ana nani nyuma yake kwa miaka saba?

MWISHO WA DEREVA WETU

Tulipokwenda kwa wakili, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mwamuzi alikosea wapi?" Tulimweleza habari ya dizeli. Akauliza tena, "Hiyo ni habari ya dereva. Mwamuzi alikosea wapi?" Hatukuwa na jibu. Lakini kamati ilikuwa imeshaamua, na heshima ya taasisi ilionekana kubwa kuliko swali la wakili.

Ilichukua karibu miaka miwili. Jaji alisoma jalada, akaona mwamuzi alisikiliza pande zote, alipima alichopewa na kutoa sababu zake. Kuhusu kitabu cha safari aliuliza kwa nini hakikupelekwa Tume kilipokuwa mikononi mwetu wakati wote. Maombi yetu yakatupwa.

Katika miaka miwili hiyo amri ya kusimamisha malipo ilikuwa kazini. Dereva aliuza ng'ombe, kisha akauza kipande cha shamba. Mtoto wake wa kwanza aliacha shule akiwa kidato cha tatu. Siku tulipomlipa alitia sahihi, akaweka fedha mfukoni bila kuzihesabu, akasema, "Wazee, nimepokea. Lakini mngeniuliza kabla ya kuniandikia barua, tungemaliza siku ileile."

Hadi leo hatuna hakika kama ile dizeli iliuzwa au haikuuzwa. Hilo nalo ni tunda la haraka yetu. Aliyekimbilia kuhukumu amepoteza hata ukweli aliokuwa akiutafuta.

UPANDE WA MFANYAKAZI

Tusije tukaeleweka kwamba marejeo ni jambo baya. La hasha. Mwamuzi ni binadamu. Bila jicho la Mahakama juu yake, mnyonge angekuwa na mahali pamoja tu pa kusikilizwa, na pakiharibika hapo basi. Mfanyakazi naye ana haki ya kuomba marejeo sawasawa na mwajiri.

Tatizo lake ni muda. Alikuja ofisini kwetu mama mmoja, mpishi, aliyeachishwa kazi na mwajiri mwingine. Tuzo yake ilikuwa imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kliniki ya mjukuu. Shauri lake lilikuwa limekataliwa. Tulipoisoma tuliona kuna hoja ya kisheria ambayo ingeweza kupelekwa kwa jaji. Kisha tukatazama tarehe. Ilikuwa imepita miezi minne. Alikuwa amekwenda kijijini kumuuguza mama yake, akiamini kwamba haki haiozi.

Methali inasema haki haipotei, lakini sheria inahesabu siku. Maombi ya kutengua tuzo yanatakiwa yafunguliwe ndani ya wiki sita, yaani siku 42, tangu siku ya kukabidhiwa tuzo. Kama malalamiko ni ya rushwa, hesabu huanza siku jambo hilo lilipogunduliwa. Aliyechelewa anaweza kuiomba Mahakama imwongezee muda, ila lazima atoe sababu nzuri na aeleze siku zake zote za kuchelewa zilikwenda wapi. Huyo mama tulimsaidia kutafuta vyeti vya hospitali na barua ya mtendaji wa kijiji ili aeleze siku zake. Ilikuwa kazi kubwa, ambayo tarehe moja iliyoandikwa ukutani ingeiepusha.

NENO LA MUNGU LATUDAI NINI?

Nikodemo aliwauliza wakuu wenzake kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza na kujua alilotenda. Swali hilo, katika Injili ya Yohana sura ya 7, lingetosha kuandikwa juu ya mlango wa kila chumba cha kikao cha nidhamu. Torati, katika Kumbukumbu sura ya 24, inakataza ujira wa kibarua maskini kulaliwa hata usiku mmoja. Naye Yakobo, sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana.

Sisi tuliulaza ujira wa mtu karibu miaka miwili, tena kwa amri halali ya Mahakama. Sheria ilituruhusu kuomba. Dhamiri haikuturuhusu. Tofauti ya hizo mbili ndiyo sababu ya sisi kusimama mbele yenu leo. Kuomba marejeo kwa kuwa tuzo ina kasoro ya kweli ni haki. Kuomba marejeo ili mwenzako achoke, afilisike au afe kabla ya kulipwa ni dhuluma iliyovaa joho.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa hayo, tunapendekeza vituo vyetu vyote vizingatie yafuatayo:

1. Tuchunguze kwanza, tushitaki baadaye. Kabla ya barua yoyote kuandikwa, vitabu vifunguliwe na mtuhumiwa aulizwe.

2. Kikao cha nidhamu kifuate Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007. Mfanyakazi aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na aruhusiwe kuwa na mwenzake au kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Mwenyekiti asiwe mtu aliyehusika na tukio.

3. Adhabu ilingane na kosa. Kosa la kwanza kwa kawaida halimfukuzishi mtu, isipokuwa ni zito kiasi kwamba hawezi kuendelea kufanya kazi nasi. Miaka yake ya utumishi nayo ihesabiwe.

4. Usuluhishi usiwe sherehe. Tunapokwenda kwa msuluhishi, tumtume mtu mwenye mamlaka ya kukubali jambo, si mjumbe wa kusema "nitawaambia wakubwa".

5. Kila ushahidi upelekwe kwa mwamuzi. Sheria inamtaka mwajiri ndiye athibitishe kwamba kuachisha kazi kulikuwa kwa haki. Tusiweke akiba ya ushahidi kwa ajili ya Mahakama Kuu, maana akiba hiyo huoza.

6. Tuzo ikitoka, tarehe ya kuipokea iandikwe siku hiyohiyo. Kisha kamati ijibu swali la wakili wetu kwa maandishi: mwamuzi alikosea wapi? Likikosa jibu, tulipe.

7. Wahasibu wakumbuke kwamba kuchelewa kuna bei. Chini ya sheria ya 2004, fidia ilianzia mishahara ya miezi 12, na mwajiri aliyeamriwa kumrudisha mtu kazini akakataa alidaiwa pia mishahara yote tangu siku ya kumwachisha hadi siku ya malipo ya mwisho. Mwaka 2025 sheria za kazi zilifanyiwa marekebisho, kwa hiyo kila kituo kiwe na nakala mpya, si ile ya zamani iliyojaa vumbi.

Na kwa ndugu wawakilishi wa wafanyakazi tunaongeza moja. Wafundisheni wenzenu namba mbili tu: siku 30 za kwenda Tume na siku 42 za kuomba marejeo. Mwandike ukutani, karibu na ratiba ya zamu.

HITIMISHO

Ndugu wapendwa, yule dereva sasa anaendesha gari la mtu mwingine. Mwaka jana tulimwomba aje aongee na wakuu wa vituo kuhusu siku ile ya kikao. Hakuja, na hatumlaumu. Lakini alituma ujumbe kwamba mtoto wake amerudi shuleni kupitia masomo ya jioni. Kamati iliamua kulipa ada hiyo. Hatuiiti msaada, kwa sababu ni deni.

Mahakama itaendelea kuangalia kama mwamuzi alipita njia iliyonyooka. Ni kazi yake, na tunaiheshimu. Kazi yetu sisi ni kuhakikisha kwamba njia hiyo inanyooka kuanzia ofisini kwetu, siku ile ya kwanza, kabla barua haijapigwa muhuri.